Kuhesabu Vichwa Mikindani

Mama yao yuko zamu Ligula, na mimi niko zamu yangu:
chupa mbili za maji, kaptula ya akiba,
korosho za kubanika ndani ya karatasi ya daftari,
na hotuba niliyoipika usiku kucha
juu ya mji wa mawe, milango yake na wageni wake.

Hotuba ilifia kwenye kona ya kwanza.
Hashili, miaka mitatu na nusu, alitaka kukojoa.
Somoe, miaka saba, alitaka kujua
kwa nini nyumba haina paa lakini mbuzi anaishi ndani,
na je, mbuzi analipa kodi?

Mmoja, wawili.
Ndivyo ninavyotembea na hawa:
kila hatua kumi nahesabu vichwa.

Tukapita vichochoro vinavyompaka mtu mzima
chokaa mabega yote mawili.
Hashili akatia kidole kwenye ukuta uliobanduka,
akagusa kombe lililojengewa humo, gumu kama jino.
"Baba, ukuta umekula kombe."
Nilikuwa nimepanga kusema matumbawe, boriti, mikoko.
Nikasema: ndiyo, ulikuwa na njaa.

Mlangoni mwa nyumba moja Bi Nambunga alikuwa anakuna nazi.
Somoe akahesabu maua ya nakshi juu ya kichwa chake:
kumi na moja na nusu.
"Nusu wameila mchwa," akasema mwenye mlango,
"nilipoolewa humu walikuwa wameshaianza."
Akawapa bibo moja moja.
Nikawaonya: maji ya bibo yakishika nguo, hayatoki.
Hashili akanielewa vizuri sana,
akajifutia kwenye shati langu.

Mmoja, wawili.

Kisha lile jengo la matao.
Somoe alisimama mbele ya kibao, akasoma
kama wanavyosoma darasani kwao, kwa kukata kuni:
so-ko la wa-tu-mwa.
Akageuka.
"Mtumwa si anayetumwa? Mama hunituma chumvi."

Nikasafisha koo. Hapa hotuba ilikuwa na aya nzima,
yenye miaka na majina ya bandari.
"Wewe unatumwa, unarudi," nikasema.
"Na wao?"
"Wao hawakurudi."
Kidole chake kilikuwa bado hewani, kwenye ile *mwa*.
"Walikuwa bei gani?"

Hashili alikuwa amejilaza sakafuni chini ya tao,
shavu kwenye saruji, macho nusu.
"Hapa pana baridi nzuri," akasema.

Nikafungua mdomo kwa mazoea.
Mmoja,
nikaishia hapo.
Sikuwahi kusikia sauti yangu ilivyo
inapohesabu vichwa vya watoto.
Nikambeba mdogo, nikamshika mkubwa mkono,
mkono wenyewe unanata bibo na chumvi ya korosho,
na sikuuachia hata aliponiambia, Baba, unaniumiza.

Ndani ya bajaji Somoe ndiye aliyehesabu:
"Baba, Hashili aliyelala, mimi, dereva. Wanne."
Tulipofika Magomeni akahesabu tena.
Dereva akacheka, akasema mimi nipo, mwanangu, nipo.

Jioni mama yao aliliinua shati kwenye taa.
"Hili linataka limau na chumvi," akasema, "na chumvi imekwisha."
Nikasema nakwenda mwenyewe.
Somoe alikuwa ameshavaa ndala, kushoto kulia, kulia kushoto.
"Natumwa!" akapiga kelele kutoka uani. "Na narudi!"

Duka halifiki hatua sitini.
Nilisimama mlangoni bila viatu
mpaka akatokea kwenye taa ya jirani,
pakiti kifuani,
na chenji, shilingi mia, ameing'ata kwa meno.